Malkia Aliyeanika Ndagala

Malkia wa kwenye vitabu hukuta kiti kimeshapambwa. Godelieve Nabindu alizaliwa Kyoba, mwendo wa asubuhi moja kutoka Lweba, na kitu cha kwanza alichokalia duniani kilikuwa mgongo wa mama yake, cha pili mkeka, cha tatu chungu kilichopasuka. Juu ya chungu hicho, kilichofunikwa kifudifudi mchangani, ndipo alipojifunza kutawala. Wenye diploma wasicheke kwanza. Wamalize kusoma, halafu tuone nani atacheka.

Aliolewa katika mji wa Baraka na Raphaël, mvuta nyavu mwenye mabega mapana na maneno machache. Watoto wawili waliwazika kabla hawajajua kutambaa. Mwaka wa sita wa ndoa ziwa likamchukua Raphaël mwenyewe, mchana kweupe, upepo wa ghafla ulipopindua mtumbwi upande wa rasi ya Ubwari. Ndugu za mume wakagawana nyavu, yeye wakamwachia kikwembe cha kujifunga na masinia mawili. Akarudi Kyoba kwa kaka yake Anatole, aliyekuwa mkubwa wa kijiji, akaomba jambo moja tu: kipande cha mchanga cha kuanikia ndagala.

Kazi hiyo ni nyepesi machoni pa mtu anayekula tu. Asubuhi unanunua samaki wadogo kama kidole cha mtoto, unawatandaza mchangani, jua linapiga, jioni unawakusanya. Basi. Lakini juu kuna mwewe, pembeni kuna mbuzi, nyuma kuna kuku wa jirani, na mbele yuko jirani mwenyewe. Mwanika ndagala akiinuka mara moja kwenda kichakani, akirudi anakuta mchanga na manyoya. Kwa hiyo Godelieve alijiwekea sheria. Asubuhi hanywi maji. Anatafuna kipande cha muhogo mkavu, anaweka uzito wake kwenye tako la kushoto mpaka jua lifike utosini, kisha anahamia la kulia, polepole, kama mtu anayehama nyumba. Mkononi ana tete refu lenye jani la mchikichi nchani, na macho yake hayapepesi. Miaka kumi alikaa hivyo. Wapo wanaoapa kwamba mwewe mmoja alichoka kumsubiri, akahamia Lweba.

Sasa, Kyoba kilikuwa na kiti. Vijiji vingine vina milima na vina mito, sisi tulikuwa na kiti: miguu mitatu, cheusi kwa mafuta ya mawese, kidogo hata mtu mnene alikikalia kwa imani. Mkubwa wa kijiji peke yake ndiye aliyekikalia, na mababu walikiachia sheria moja. Mwenye shauri anasimika kijiti ardhini mbele ya kiti, anaketi chini, na tangu hapo yeye na mkubwa hawainuki mpaka neno liishe na kijiti king'olewe. Mwenye shauri akiinuka kwanza, shauri limekufa. Mkubwa akiinuka kwanza, mwenye shauri amepata alichoomba, hata kama aliomba mwezi. Anayeinuka amejibu: maneno hayo mtoto wa Kyoba aliyajua kabla ya kujua kunawa.

Anatole alikuwa mpenzi wa kasiksi, Mungu amrehemu, na pombe ya ndizi haikai tumboni kwa amani. Mashauri yake yaliisha haraka kama kibuyu chake. Aliyemchosha zaidi ndiye aliyeshinda. Hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu kila mtu alikuwa na zamu yake ya kumchosha.

Mwaka 1952 Anatole akashikwa na homa ya kifua. Mwanawe Albert, mvulana wa miaka kumi na minne, alikuwa ametoka kukubaliwa katika shule ya walimu, mbali, kupita Uvira, miaka minne. Mgonjwa akamwita dada yake, akamshika mkono kwa vidole vilivyobaki mifupa.

"Mudogo wangu," akasema, "mutoto akirudi, akute kiti. Usiachilie muntu akikalie."

Godelieve alibana ule mkono mpaka ukalegea wenyewe, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Aliyekitaka kiti hicho alijulikana hata na mbuzi. Isidore Asukulu, mtoto wa baba mdogo wa Anatole, alikuwa na shamba la pamba kubwa kuliko yote, baiskeli yenye kengele, na sauti iliyokuja mbele ya kengele. Nusu ya wazee walimtaka, nusu walimwogopa, na mzee Nicolas, mkubwa wao kwa miaka, alisema tu kwamba marehemu ameacha neno na neno la marehemu haliliwi. Wakabishana siku tatu. Ya nne wakakubaliana kwamba Godelieve akae mpaka Albert arudi. Isidore ndiye aliyeunga mkono kwa nguvu kuliko wote. Alicheka akasema mwacheni Malkia wa ndagala akae, mvua ya kwanza ataruka kwenda kuokota samaki wake, na kiti kitabaki wazi. Kule Fizi, mzungu aliyetawala teritwari, wilaya yetu, aliandika jina la Albert kitabuni na la shangazi yake pembeni, kama mtu anavyoegesha gari kwa muda.

Jina la Malkia lilianza kama tusi. Ndani ya mwaka mmoja watu walikuwa wamelisahau tusi wakabaki na jina.

Ilitokea hivi. Bisogo, mfugaji kutoka milima ya Minembwe, aliteremka na mke wake Nyirabahire wakipeleka ng'ombe wawili kuuza Baraka. Walipopita Kyoba, ng'ombe mmoja aliingia kwenye muhogo wa Isidore. Isidore akamfunga kamba ng'ombe, akasimika kijiti, akadai kwamba shamba zima limeliwa na ng'ombe amebaki kuwa wake. Shahidi wake alikuwa Eugène, shemeji yake, na shahidi naye haondoki mpaka aseme.

Wakati wa Anatole, ng'ombe angekuwa wa Isidore kabla ya saa nne. Godelieve aliketi, akamsikiliza Isidore, akamsikiliza Bisogo, akamwuliza Eugène swali moja: mashina mangapi? Eugène akasema mengi. Jua likapanda. Akauliza tena: mashina mangapi? Eugène akasema mengi sana. Godelieve akahamia tako la kulia. Mchana ulipopinduka Eugène alikuwa amebana magoti, jasho linamtiririka puani, na alipoulizwa mara ya tano akasema kwa upesi wa mtu anayetua mzigo kwamba ng'ombe alikula mashina matatu, mengine mke wa Isidore aliyang'oa mwenyewe juzi, naomba ruhusa, Mama. Akapewa ruhusa. Alikimbia hivi kwamba mbwa walidhani kuna mchezo.

Malkia akakata neno: Bisogo alipe mashina matatu. Nyirabahire akatoa kibuyu cha siagi, na kibuyu kikapelekwa moja kwa moja kwa mke wa Isidore, kwani muhogo ulikuwa wa mikono yake. Isidore mwenyewe hakuinuka mpaka kijiti kilipong'olewa. Tusimwonee: mtu yule alikuwa na kiuno cha jiwe. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja moyoni.

Kwanza alipanda baiskeli mpaka Fizi kushtaki. Kule akaulizwa kama Kyoba kinalipa kodi na kinapima pamba. Akasema ndiyo. Akaambiwa basi, anayekaa akae. Akarudi akisukuma baiskeli, tairi limetoboka, na akili yake ikatafuta njia nyingine. Maneno yakaanza kutembea yenyewe, kama maneno ya namna hiyo yanavyotembea, bila miguu na bila baba. Mume alikufa majini. Watoto wawili walikufa. Kaka alikufa mkono wake ukiwa katika mkono wa dada. Ni nani anakula watu katika ukoo ule?

Mwanamke aliyemshinda mwewe hakuwa na dawa ya hilo. Asubuhi moja alifika mchangani akakuta wenzake wamesogeza ndagala zao mbali na zake, hatua kumi kila upande. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu vizuri, na salamu zao zilikuwa fupi. Immaculée peke yake, mjane mwenzake, alibaki mahali pake karibu naye, akasema yeye ni mvivu wa kuhama. Mwaka mzima ulipita hivyo. Mashauri yaliendelea kuletwa, maana kila mtu aliyekuwa na haki aliutaka uamuzi wake, lakini usiku wa kuamkia shauri waliomletea sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakapungua mpaka wakaisha.

Mwaka wa tatu, siku ya jua kali, Godelieve alikichukua kile kiti akateremka nacho ziwani. Aliingia maji yakafika magotini. Alitaka kukiacha kielee, kiende Ubwari, kiende popote, kikamkalishe mwingine. Bonaventure, katekista, akamkuta hapo. Alikuwa na barua ya Albert mkononi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu hakuuliza mkubwa wa kijiji anafanya nini majini na samani. Aliisoma akiwa amesimama ukingoni. Albert aliomba sabuni na kaptula moja, akasema hesabu zinakwenda vizuri, na mwishoni akauliza: Shangazi, kiti kingali kipo?

Godelieve alikitazama kiti mikononi mwake, kinadondosha maji.

"Mwandikie," akasema. "Kiti iko, na mi niko juu yake."

Bonaventure alitazama maji, akatazama kiti, akauandika uongo huo kwa herufi nzuri sana. Godelieve akatoka ziwani mbio, akapanda mpaka uani, akakisimamisha kiti, akaketi na kikwembe chake kinachuruzika, ili barua isije ikafika hata Lweba kabla haijawa kweli.

Basi tuje mwaka 1956, mwezi wa tano. Albert alikuwa amebakiza miezi miwili. Isidore alijua kuhesabu miezi kama anavyohesabu magunia, na alijua vilevile kwamba mvua ya mwisho, ile inayokuja kuaga, ilikuwa bado haijaaga. Alijua pia kwamba Godelieve alikuwa amenunua ndagala nyingi kuliko wakati wowote, azikaushe, aziuze, apate karamu ya kumkalisha Albert kitini kwa heshima. Siku tatu Isidore aliamka akatazama mbingu juu ya mchanga wa yule mama. Siku ya nne wingu jeusi lilikuwa limelala nyuma ya Ubwari kama ng'ombe asiyetaka kuamka. Isidore akanawa uso, akavaa koti, akaenda uani akasimika kijiti.

Alichoomba alikisema waziwazi mbele ya wazee: kiti.

Godelieve aliitwa kutoka mchangani. Alimwachia Immaculée lile tete, akapanguza mikono yenye magamba, akaketi. Uwanja ukajaa. Isidore alisema alivyokuwa amejiandaa kusema: kwamba kiti ni cha mwanamume, kwamba mwenye mikosi hakalii mahali pa baraka, kwamba Albert amekwisha kuwa mtu wa mjini na hatarudi kukaa juu ya kigogo. Aliongea vizuri. Ukweli ni ukweli, alikuwa na ulimi. Godelieve alijibu kila jambo kwa maneno machache na mengine hakuyajibu. Asubuhi ikaisha. Wazee wakabadilisha miguu. Vijana wakaanza kupeana macho kuona nani ataanza, lakini wale wawili walikaa kama vyungu viwili sokoni.

Mchana upepo ukageuka. Ulikuja wa baridi kutoka ziwani, na ndani yake mlikuwa na ile harufu ambayo kila mwanamke wa mchangani huijua akiwa hata usingizini. Wanawake uwanjani wakainuka wote kama waliovutwa kwa kamba moja, wakateremka mbio. Immaculée alionekana kule chini akikusanya kwa mikono miwili, na mikono miwili haitoshi kwa samaki wa watu wawili.

Isidore akatabasamu. Alisema kwa sauti ya upole, ya kumwita dada mkubwa, ile aliyokuwa ameitunza tangu asubuhi.

"Yaya, mvua iko inakuja. Ndagala yako itaoza yote. Wee enda kwanza, tutaendelea kesho."

Tusidanganyane. Mwili wa Godelieve ulikuwa na miaka kumi na minne ya mchanga ndani yake, na mwili hausikilizi siasa. Makalio yake yaliinuka yenyewe. Kati yake na kiti kikapita kidole kimoja cha upepo, na mzee Nicolas aliyekuwa karibu alikiona hicho kidole na akafumba macho. Karamu ya Albert ilikuwa imelala kule mchangani. Godelieve akashusha pumzi, akajishusha na yeye mwenyewe, mpaka mti ukalia chini yake.

Kisha, kwa kuwa hakutaka kutazama mchanga, akatazama upande wa pili, juu ya kichwa cha Isidore, mlimani, mahali nyumba ya Isidore ilipo. Akakunja macho.

"Mudogo wangu," akauliza, "na ile nyeupe kule juu, iko mbuzi ama iko pamba yako?"

Isidore akageuka. Pamba yake yote ya msimu ilikuwa imetandazwa juu ya mikeka tangu asubuhi, imeanikwa kwa amri yake mwenyewe, kwa sababu siku ya kupima ilikuwa karibu na pamba yenye maji haipokelewi. Siku tatu mtu huyu alikuwa ametazama wingu juu ya samaki wa mwenziwe, na hata mara moja hakukumbuka kwamba wingu ni pana.

Tone la kwanza likamwangukia kwenye koti. Mke wake akamwita kutoka mlimani. Isidore akabaki chini. Mke akamwita mara ya pili. Akashika ardhi kwa viganja kama mtu anayezuia nchi isiondoke. Mara ya tatu mke hakumwita kwa jina lake, alimwita kwa jina la baba yake, na hapo kiuno cha jiwe kikapasuka. Isidore akaruka, akakimbia, koti likapepea nyuma yake kama mkia wa jogoo. Uwanja mzima ulimwona.

Kisha mvua ikaja kwa uzito wake, na uwanja mzima ukakimbia pia, wazee kwa vijana. Hapo ndipo watu wa Kyoba walipotenda kosa ambalo Kyoba peke yake kingeweza kutenda: kila mmoja alijua shauri limekufa, na hakuna aliyekumbuka kung'oa kijiti. Na kijiti kikiwa kimesimama, neno halijaisha. Godelieve akabaki. Alikaa peke yake kwenye mvua, mikono juu ya magoti, kikwembe kimemganda mwilini, akikitazama kijiti, na kijiti kinamtazama. Wanaosema malkia lazima awe na askari wangekuja wamwone siku ile. Mvua ilipokwisha mzee Nicolas alirudi akichechemea, akaona, akapiga magoti kwenye tope kwa miguu yake mibovu, akaking'oa kijiti kwa mikono yote miwili.

"Yaya, samahani," akasema, akimwita dada mkubwa yeye aliyemzidi miaka thelathini. "Tulikimbia."

Godelieve alisimama na akaanguka, kwa kuwa miguu ilikuwa imelala. Alisimama tena. Mchangani alikuta ndagala zake zimevimba, zimechanganyika na mchanga, nyingine zimekwisha kusombwa na maji kurudi zilikotoka. Immaculée aliokoa sinia moja. Godelieve aliosha uso ziwani, ingawa mvua ilikuwa imekwisha kuuosha, akakaa juu ya chungu chake kilichopasuka.

Kesho yake jua lilitoka kana kwamba halikufanya lolote. Wanawake walipofika mchangani, mmoja alipita akamwaga sahani ya ndagala mbichi mahali pa Godelieve, akaendelea. Wa pili akamwaga. Wa tatu akamwaga na kutandaza. Hawakuomba msamaha na hakuwauliza kitu. Mwisho alikuja mke wa Isidore, aliyekuwa amekesha nusu ya usiku akigeuza pamba ndani ya nyumba, akaweka kile kibuyu cha siagi, kitupu, kimejazwa ndagala mpaka mdomoni. Na walipotandaza zao siku ile, hatua kumi zilikuwa zimekuwa mbili.

Mwezi wa saba Albert alishuka kwenye lori akiwa na viatu, miwani, na karatasi ya ualimu iliyokunjwa ndani ya bahasha mbili. Karamu ilikuwa ndogo na ilitosha. Godelieve alikipangusa kiti kwa mawese, akakiweka katikati ya uwanja, akamwambia kaa. Albert akakaa. Alimwuliza kwa sauti ya chini, ya kitoto kidogo, kama kuna jambo la kumwambia, shauri fulani, siri ya miaka minne. Watu wakasogea wasikie.

"Usikunywe maji asubui," Godelieve akasema, akaenda zake.

Siku ya tatu kijiti cha kwanza cha utawala mpya kilisimikwa, na aliyekisimika alikuwa Isidore, kwa jambo la mpaka wa shamba, jambo dogo, la kupimia tu kiuno cha kijana. Albert aliketi. Midomo yake ilikuwa mikavu. Saa zikaenda. Jua lilipofika utosini, wale waliokuwa karibu walimwona mwalimu akisita, akitazama kichakani, akitazama ziwani alikokuwa shangazi yake, mgongo wake mdogo juu ya chungu, tete likiwa mkononi. Kisha wakamwona akihamia upande wa kulia, polepole, kama mtu anayehama nyumba.

Kicheko kikubwa kikapanda kutoka uwanjani mpaka mchangani. Immaculée aligeuka kutazama kuna nini, akamwambia mwenziwe ageuke naye aone. Godelieve hakugeuka. Mwewe alikuwa juu.